Udongo wa Mfinyanzi wa Bushi: Shamba Hili ni la Nani, na Mpaka Lini?



Nikisoma memwari za wenzetu wa agronomi juu ya Kabare na Walungu, sura ya kwanza karibu zote inasema jambo lile lile: udongo wa Bushi ni wa mfinyanzi, ni mzito, una asidi, umechoka. Sura za mbele zinapendekeza mbolea ya dukani, mbegu mpya na mafunzo kwa wakulima. Sibishani na vipimo vyao. Lakini mimi nilisoma historia, na mtu wa historia akisikia neno "umechoka" anauliza: ulichoka lini? Kabla ya hapo ulikuwa unafanya nini? Juu ya udongo huu huu ulilisha watu wengi sana, wenye vijiji vilivyobanana, kwa vizazi na vizazi, bila mfuko hata mmoja wa mbolea kutoka ng'ambo.

Leo naomba tufuate historia hiyo hatua kwa hatua. Jibu langu naliweka wazi tangu mwanzo: udongo wa mfinyanzi unahitaji miaka ili uwe mzuri, na mtu hawezi kuupa miaka kama hana uhakika wa kubaki pale.

1. Udongo wenyewe ni nini

Milima ya kuzunguka Bukavu kwa sehemu kubwa imesimama juu ya mawe ya volkano ya zamani. Mvua na joto vimeyala mawe hayo kwa muda mrefu mpaka yakageuka udongo mwekundu, wa kina kirefu, unaonata. Wekundu ule ni chuma, ni kutu kwa lugha ya nyumbani. Na mfinyanzi maana yake ni chembe ndogo sana, chini ya milimita 0.002, zenye umbo la vibamba vinavyolaliana.

Vibamba hivyo ndivyo vinavyotuletea furaha na mateso. Furaha ni kwamba vinashika maji: mchanga ukishakauka kabisa, mfinyanzi bado una unyevu chini. Mateso mnayajua wote mliokulia kijijini. Mwezi wa Novemba jembe linatoka na kilo mbili za matope. Mwezi wa Julai unapiga ardhi, jembe linaruka kama umepiga barabara. Siku za kulima vizuri katikati ni chache. Ba mama wanazijua kwa mkono: wanafinya bonge la udongo, wakilisukuma kwa kidole na likamomonyoka, wanaenda kulima, likibaki kama unga wa ugali, wanarudi nyumbani. Ukilima au ukikanyaga udongo ungali na maji mengi, unafunga matundu ya hewa, na ukikauka unapata tofali.

Kuna shida nyingine isiyoonekana kwa macho. Udongo mwekundu wa aina hii unashika fosfora kwa nguvu, hauiachilii kwa mizizi. Na pale asidi inapozidi, aluminiamu inayeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Maharagi yanabaki mafupi, ya njano, na mkulima anasema amerogwa.

Dawa kubwa ya mambo haya yote ni moja, nayo haina siri: vitu vilivyooza. Samadi, majani, maganda, mabaki ya mavuno. Vinagandisha chembe ndogo kuwa punje punje, hewa inapita, maji yanaingia badala ya kuteremka mlimani, na fosfora inapatikana kidogo kidogo. Lakini katika joto na mvua zetu vitu hivi vinaoza haraka. Ukiweka mwaka mmoja ukaacha, umefanya kazi bure. Kumbuka jambo hili, juu ya historia yote inayofuata imesimama hapo.

2. Koko zetu walifanya nini

Boma la Mushi wa zamani lilikuwa na mpango unaojulikana. Nyumba iko katikati, migomba inaizunguka. Ng'ombe wanalala karibu. Samadi, majivu ya jiko, maganda ya ndizi, taka za kufagia, vyote vinaishia kwenye migomba. Mgomba wenyewe unaangusha majani yanayofunika ardhi, hivyo mvua haipigi udongo uchi. Chini ya kivuli kile wanaotesha maharagi, magimbi na maboga. Mbali na nyumba kuna mashamba ya mtama na viazi, yanayolimwa kwa matuta ili maji yasituame kwenye mizizi. Mbali zaidi kuna malisho.

Angalia njia ya ng'ombe. Mchana anakula mlimani, usiku anaacha samadi nyumbani. Kila siku anabeba rutuba kutoka mbali na kuileta kwenye migomba. Kumbe ule udongo mweusi, laini, ambao watu wanausifu kando ya nyumba za zamani, haukuteremka kutoka mbinguni. Ni mfinyanzi mwekundu ule ule, uliolishwa kwa miaka mingi.

Na juu ya nini mtu alikubali kuulisha miaka yote hiyo? Hapa njo inaingia kalinzi. Katika desturi ya Bushi, mtu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa mwami au kwa chifu aliye chini yake, na kwa hiyo akapata haki ya kukaa juu ya ardhi, kupanda migomba, na kuwaachia watoto. Ilikuwa pia kifungo: ulimtambua aliyekupa, na uliwajibika kwake. Sitaki kuipamba. Wanawake, ambao ndio walioshika jembe, waliingia kwenye ardhi kupitia mume au mtoto wa kiume. Lakini kalinzi ilimpa mkulima kitu ambacho mfinyanzi unakidai: muda mrefu.

Kando ya kalinzi kulikuwa na bwasa. Hii ni kukodi kwa muda mfupi, kwa kulipa kwa mazao, kwa kazi au kwa kitu kingine. Mwenye bwasa alikatazwa kupanda mimea ya kudumu kama migomba, juu ya mgomba ni alama ya kuwa shamba ni lako. Wekeni neno hili akilini, tutalirudia.

3. Wakoloni na mifereji

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka ya kugawa ardhi kubwa ya Kivu kwa walowezi na makampuni. Sheria ilikuwa tayari tangu 1885: ardhi inayoitwa "tupu" ni ya Leta. Na kwa macho ya mgeni, malisho ya ng'ombe na shamba lililopumzishwa ni ardhi tupu. Hivyo zikaja plantesheni za kahawa, za chai, na za kwinini, ule mti ambao gamba lake linatoa dawa ya malaria. Malisho yalipopungua, ng'ombe walipungua. Ng'ombe walipopungua, samadi ilipungua.

Mwaka 1933 ilianzishwa INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo yenye makao Yangambi. Kwetu huku ilikuwa na kituo Mulungu. Watafiti wake walikuwa wajuzi, na waliona kwamba milima inamomonyoka. Katika miaka ya 1940 na 1950 ikaja kampeni kubwa ya kupambana na mmomonyoko: kila mlima uchimbwe mifereji ya kukata mteremko, na kando yake ipandwe majani ya kushika udongo.

Kama mbinu, haikuwa ujinga. Mfereji unapunguza mbio za maji, majani yanashika matope. Lakini kulikuwa na matatizo mawili. La kwanza ni la udongo wenyewe. Kuchimba mfereji katika mfinyanzi ni kutoa juu udongo wa chini, usio na rutuba, na kupoteza nafasi katika shamba ambalo tayari ni dogo. Tena mfereji unazuia udongo kuondoka, lakini haulishi udongo uliobaki.

La pili lilikuwa ni namna. Tangu 1917 mkoloni alikuwa na sheria ya kilimo cha lazima: siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikapandishwa mpaka 120. Aliyekataa alitozwa faini au alifungwa. Mifereji ikaingia katika hali ile ile. Mtu alichimba mlima mzima chini ya usimamizi wa askari, wakati shamba lake la maharagi likingoja. Kwa majirani, Ruanda-Urundi, wakulima walilazimishwa kutandaza majani chini ya kahawa. Ni jambo zuri sana kwa udongo, lakini majani hayo yalitolewa katika mashamba ya chakula. Kahawa ililala juu ya godoro, maharagi yakalala chini.

Basi uhuru ulipofika mwaka 1960, sehemu nyingi mifereji iliachwa. Wengine waliifukia na kupanda juu yake. Wataalamu wakaandika kwamba wakulima ni wagumu wa kuelewa. Mimi nasema walielewa vizuri: mfereji ulikuwa na harufu ya fimbo.

4. Mnyororo unakatika

Mwaka 1973 sheria mpya ya ardhi ilisema udongo wote ni mali ya Leta. Kuhusu ardhi za desturi, kifungo cha 389 kiliahidi kwamba amri ya rais itapanga haki zake. Miaka na miaka ikapita bila amri hiyo. Kwa hiyo kalinzi ya koko yako ikabaki hewani: kijijini inatambuliwa, lakini mbele ya mtu mwenye sertifika kutoka mjini ni karatasi dhidi ya neno. Wenye pesa na wenye vyeo walinunua milima mizima. Waliokuwa juu yake wakawa watu wa bwasa.

Halafu vita. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda walipokelewa huku. Kambi moja kubwa ilibeba jina la INERA, taasisi iliyorithi INEAC. Kuanzia 1996 vita vilipita juu yetu wenyewe, na ng'ombe waliporwa, kijiji baada ya kijiji. Watu wanahesabu ng'ombe hao kama mali iliyopotea, na ni haki yao. Lakini kila ng'ombe aliyechukuliwa aliondoka pia na samadi ya miaka iliyofuata. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, kisha ukateremka mpaka huku Kivu ya Kusini. Mkulima akaambiwa ang'oe migomba yake. Basi lile blanketi la majani, lililofunika mfinyanzi tangu zamani, nalo likatoka.

Sasa rudia ile sura ya kwanza ya memwari: "udongo umechoka." Haukuchoka peke yake. Uliondolewa malisho, ukaondolewa ng'ombe, ukaondolewa migomba, na mwisho aliyekuwa anaulisha akaondolewa uhakika wa kubaki.

5. Leo, kwetu sisi

Nimeona mara nyingi projé ya miaka miwili ikifika kijijini. Inafundisha mboji, inafundisha kukata tithonia, yale maua ya njano ya kando ya barabara, na kuyafukia shambani kabla ya kupanda. Mafunzo ni mazuri, na majani ya tithonia kweli yanasaidia mfinyanzi mwekundu. Mama anasikiliza, anapiga makofi, anapokea jembe. Msimu ujao hafanyi. Ripoti inaandika: "kuna haja ya kuendelea kuhamasisha."

Ukikaa naye vizuri, atakuambia sababu bila kuficha. Shamba ni la bwasa. Akilirutubisha, mwenye shamba ataona mahindi yamesimama, atapandisha bei au atalichukua. Kwa nini abebe mboji kichwani, mlima juu, kwa ajili ya shamba la mtu mwingine? Nenda naye nyumbani kwake, utakuta nyuma ya jiko kipande kidogo cha mboga, cheusi, laini, kimewekwa majivu na samadi ya sungura. Ujuzi anao. Pale nyumbani hakuna wa kumfukuza, njo maana anautumia pale.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa agronomi, endeleeni kupima asidi na fosfora, tunahitaji namba zenu. Lakini katika dodoso lenu ongezeni swali moja kabla ya yote: shamba hili ni la nani, na utakuwa juu yake mpaka lini? Ninyi wa sheria, kuna kazi kubwa ya kuandika mikataba ya bwasa ya miaka mitano au kumi, mbele ya chifu na mashahidi, inayosema wazi kwamba anayerutubisha hatafukuzwa kabla ya kuvuna faida yake, hata kama ni mwanamke na jina la mume halimo. Nasi wa historia tuandike majina ya mashamba na masharti yake kabla wazee hawajatuacha.

Na wewe unayesoma, kwenu shamba ni kalinzi, ni bwasa, ni la kununua, au ni la plantesheni? Uliza wazee wa nyumbani wiki hii, kisha utuandikie hapa chini walikuambia nini. Hayo ndiyo maarifa ambayo hayajaandikwa katika memwari yoyote.