Picha Iliyovaa Vazi la Herufi

Barua ipoteayo njiani huhuzunisha. Lakini barua iliyofika na isisomeke huleta fadhaa kubwa zaidi, kwa kuwa mpokeaji anayo mbele yake na hajui lililomo. Hivyo ndivyo zilivyokuwa picha nyingi zilizopelekwa kwa barua pepe zamani.

Mwaka 1971, huko Marekani, Ray Tomlinson alipeleka ujumbe kwa mtandao wa ARPANET baina ya kompyuta mbili zilizosimama bega kwa bega. Wakati ule hapana aliyedai zaidi ya maneno. Kanuni za usafirishaji za mwaka 1982 nazo ziliruhusu alama 128 tu: herufi za Kiingereza, tarakimu, vituo na alama za amri. Hata é ya Wafaransa haikuwamo. Picha, ambayo ndani ya kompyuta ni safu ya namba kutoka 0 hadi 255, ingepitaje?

Ilivikwa vazi la herufi. Mwaka 1980 Mary Ann Horton alikuwa ametunga programu ya kugeuza namba hizo ziwe alama za kawaida, kisha mpokeaji azirudishe katika asili yake. Wenye kompyuta za Macintosh walikuwa na njia yao nyingine, na hapo ndipo penye ubaya. Asiyekuwa na programu ileile aliona kurasa za herufi zisizo na maana, mfano wa mtu ajuaye herufi za Kirumi tu akikabidhiwa waraka wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu: lugha ni yake, macho anayo, na hasomi.

Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitunga kanuni ya MIME, ikachapishwa Juni 1992. Kila namba tatu ziligeuzwa alama nne, zilizochaguliwa katika alama 64: herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu 10, na + na /. Mzigo uliongezeka kwa theluthi, gharama niionayo kuwa ndogo. Bora zaidi ilikuwa lebo: kila kiambatisho kilijitangaza kuwa ni picha au sauti, na kwamba kimegeuzwa kwa njia gani. Machi ya mwaka uleule Borenstein alikuwa amekwisha kupeleka picha ya waimbaji wanne, yeye akiwa mmoja wao, pamoja na sauti ya wimbo wao.

Fadhaa haikwisha kabisa. Programu ya Outlook, barua ikiandikwa kwa mtindo wake wa Rich Text, yaweza kufunga viambatisho vyote katika faili moja liitwalo winmail.dat. Mwenye programu nyingine huona jina hilo tu, akadhani kompyuta yake mbovu. Kumbe dawa i mkononi mwa mpelekaji: achague mtindo wa HTML au maandishi matupu, kisha apeleke tena.