Neno "speed" na Baraka Iliyopotea

Neno la Kiingereza speed hufasiriwa kwa kawaida kuwa mbio, kasi, upesi au haraka. Kwa matumizi ya leo fasiri hiyo yatosha. Hata hivyo, mwenye kuyasoma maandishi ya kale ya Kiingereza kwa fasiri hiyo peke yake hana budi kupotoka, kwani asili ya neno hilo si mwendo bali ni mafanikio.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichotumika hadi mwaka 1100 hivi, neno hilo lilikuwa spēd, na maana yake ya msingi ilikuwa ufanisi, neema, mali na uwezo. Maana ya wepesi ilikwisha kuchipuka katika kipindi hicho hicho, lakini kama tawi tu la shina hilo. Sababu yake si ngumu kufahamika: kazi inayomwendea mtu vyema huelekea kwisha upesi. Kiholanzi, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimehifadhi pande zote mbili: spoed ni haraka, lakini voorspoed ni neema, na tegenspoed ni masaibu.

Maana hiyo kongwe ilidumu kwa karne nyingi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Mwanzo sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu asimama kisimani pamoja na ngamia wake akiomba apewe good speed. Haombi mbio, maana safari yake imekwisha. Aomba afanikiwe kumpatia Isaka mke. Vivyo hivyo, katika Waraka wa Pili wa Yohana, maneno God speed yamewekwa mahali ambapo Kiyunani kina neno la kusalimu. Ni dua ya heri, wala si amri ya kwenda mbio.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika methali. John Heywood, katika mkusanyo wake wa mwaka 1546, aliiweka ile isemayo kwamba kadiri haste inavyozidi ndivyo speed inavyopungua. Msomaji wa leo huiona kama kitendawili: vipi haraka ipunguze kasi? Lakini kitendawili hicho kimeletwa na mabadiliko ya lugha. Methali yenyewe ilinena jambo la wazi, kwamba mwenye pupa hafanikiwi. Mswahili amelinena vile vile: haraka haraka haina baraka. Katika methali hizi mbili, speed haisimami upande wa haraka. Yasimama upande wa baraka. Mfasiri atakayeandika "kasi" hapo atakuwa ameipindua hekima yenyewe.

Haraka nayo ina historia yake. Katika Kiarabu, hilo ni neno la mwendo na mtikisiko; Kiswahili kikalipa maana ya kufanya hima, huku maana ya awali ikibaki katika harakati. Kwa hiyo Kiswahili kilifikia dhana ya upesi kutoka katika mwendo, na Kiingereza kutoka katika neema.

Baadaye mitambo ikaufanya wepesi kuwa jambo la kupimwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 iliyawekea magari ya injini barabarani mpaka wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini. Speed ikawa tarakimu, na maana ya mafanikio ikabakia katika semi chache. Kiswahili kilipolikopa neno hilo kama spidi, kilikopa tarakimu hiyo tu. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2003 zilizoyataka matatu yasizidi kilomita 80 kwa saa zililieneza jina la spidi gavana. Na hapo hapana hata chembe ya neema.

Ni dhahiri, basi, kwamba kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayokusudiwa kuwafaa wafasiri haina budi kuzitenga maana hizi mbili na kuonyesha zama za kila moja. Pasipo hivyo, dua itafasiriwa kuwa mbio.