Magofu ya Tongoni na Samaki wa Kale

Kusini ya mji wa Tanga, ufuoni Tongoni, yangali magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, ukumbusho wa mji uliostawi katika karne ya 14 na ya 15. Mbele yake, katika vilindi vya bahari, yumo mkazi mkongwe zaidi: silikanti. Wataalamu walimjua kwa mifupa iliyogeuka mawe tu, wakadhani alitoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Hata mwaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika ya Kusini. Mapezi yake yenye nyama na mifupa hupishana mithili ya miguu ya mnyama atembeaye. Na badala ya uti wa pingili ana mrija uliojaa umajimaji.

Tangu mwaka 2004 majarife ya papa yaliwanasa wengi pwani ya Tanga, na mwaka 2009 ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Lakini mtalii hamwoni samaki aishiye kilindini. Ayaonayo ni magofu na watu. Jarife lililomfunua silikanti ndilo limwuwalo, na atakiwaye kuliacha ni mvuvi. Basi utalii usiomgawia mvuvi huyo fungu lake utakuwa umehifadhi ya kale kwa gharama ya walio hai.