Kilimo cha mboga za kiangazi Bukoba na Muleba

Kilimo cha mboga za kiangazi Bukoba na Muleba ni ukuzaji wa nyanya, kabichi na mboga nyingine mabondeni kati ya Juni na Septemba, katika wilaya hizo za mkoa wa Kagera, Tanzania.

Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba ya Wahaya, kina kivuli kingi mno kwa nyanya. Rweya, uwanda wa nyasi, una udongo usio na rutuba. Kwa hiyo mboga hushushwa bondeni, ambako unyevu hubaki baada ya masika (Machi hadi Mei).

Kazi ngumu ni kuhesabu siku. Miche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Mbegu za nyanya zikisiwa mwishoni mwa Mei, miche hupandikizwa mapema Julai, jioni jua likipoa, na matunda huanza kuiva Septemba. Mkulima akiwahi mno, bonde bado limejaa maji na mizizi huoza. Akichelewa mwezi mmoja, nyanya hukutana na mvua za vuli pamoja na ugonjwa wa bakajani chelewa, unaoweza kumaliza shamba kwa siku chache. Kabichi haishambuliwi na ugonjwa huo.