Kipande mlangoni

Kusini mwa jiji la Johannesburg, jirani na viwanja vya burudani vya Gold Reef City, yapo Makumbusho ya Apartheid yaliyofunguliwa mwaka 2001. Mgeni akilipa kiingilio hukabidhiwa tiketi inayomtaja kuwa Mweupe au Asiye Mweupe. Haulizwi, wala hatazamwi uso. Ni bahati nasibu. Mume na mke walioongozana kutoka nyumbani huenda wakapitia milango miwili, na katika ujia wa kwanza wanalakiwa na vitambulisho vya enzi hiyo vilivyokuzwa na kutundikwa nyuma ya nondo.

Wapo wanaoona huo ni mchezo wa kuigiza. Kwangu mimi, hapo mlangoni ndipo makumbusho yanaposema kweli kuliko penginepo, kwa sababu apartheid iliingia majumbani mwa watu kwa kalamu na mhuri wa karani. Chama cha National kilitwaa madaraka mwaka 1948. Miaka miwili baadaye ikaja sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi yake. Aliyetiliwa shaka aliweza kuchomekwa penseli kwenye nywele: ikianguka, lake moja, ikinasa, lake jingine. Ndugu wa tumbo moja waliandikwa rangi mbili, na sheria nyingine ya mwaka huohuo ikaamua nani aishi mtaa upi.

Sisi tunalo neno la karatasi hizo: kipande. Wanaume wa Kenya walikitia shingoni ndani ya kikebe cha chuma, enzi za Mwingereza. Afrika Kusini walikiita dompas, pasi ya kijinga. Sheria ya 1952 ilijiita ya kufuta pasi. Ilichofanya ni kuzishona zote katika kitabu kimoja, ambacho Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kutembea nacho, kikiwa na saini ya mwajiri. Tarehe 9 Agosti 1956 wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi makao ya serikali, Pretoria, kukikataa. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, watu walikwenda kituo cha polisi bila pasi ili wakamatwe. Polisi wakawaua 69, wengi wao kwa risasi za mgongoni. Pasi ziliendelea hadi 1986.

Ndani zaidi kuna chumba ambacho vitanzi vinaning'inia kutoka darini, kimoja kwa kila mfungwa wa kisiasa aliyenyongwa. Hapo nilimfikiria Solomon Mahlangu. Alizaliwa mwaka uleule wa maandamano ya Pretoria, akakimbia nchi baada ya Soweto kuwaka 1976, akarudi na silaha, akanyongwa tarehe 6 Aprili 1979 ingawa mahakama ilikubali kwamba si yeye aliyefyatua risasi zilizoua. Alikuwa na miaka 22. Shule ya ANC iliyojengwa Mazimbu, Morogoro, kwenye ardhi iliyotolewa na Tanzania, ilipewa jina lake. Leo majengo yale ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na hapohapo Mazimbu yapo makaburi ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni.