Vito na Mapambo katika Roma ya Kale

Vito vya Roma ya Kale ni pete, hereni, mikufu, bangili, bizimu na hirizi zilizovaliwa na watu wa jiji la Roma na wa himaya yake, hasa kuanzia karne ya 3 KK hadi karne ya 5 BK. Kwa upande wa ufundi Warumi walirithi mengi kuliko waliyobuni. Kupamba kwa chembe ndogo za dhahabu walikupata kwa Waetruski, na bangili za umbo la nyoka kwa ulimwengu wa Kigiriki. Jambo linaloonekana wazi zaidi kwao ni kuliingiza pambo katika sheria. Nani avae dhahabu, kiasi gani na mahali gani pa mwili, hayo yalijadiliwa hadharani na kuamuliwa na wakubwa, na mpita njia aliweza kumjua mwenzake ni wa tabaka gani kabla hajamsalimu.

Mfano maarufu ni Sheria ya Oppius ya mwaka 215 KK. Mwaka uliotangulia Hannibal, jemadari wa Carthage, alikuwa ameliangamiza jeshi la Roma huko Cannae, na serikali ilihitaji kila senti. Sheria ilimkataza mwanamke asimiliki dhahabu inayozidi nusu wakia, asivae nguo za rangirangi, wala asipande gari la farasi mjini isipokuwa kwa ajili ya ibada. Vita vikaisha, sheria ikabaki. Mwaka 195 KK, matribuni wawili, yaani watetezi wa raia wa kawaida, walipopendekeza ifutwe, wanawake walimiminika mitaani na kuziba njia zote ziendazo uwanja wa Forum, wakiwasihi wanaume wapige kura ya kuiondoa. Konsuli Cato aliitetea kwa ukali, akashindwa. Mwanahistoria Livius aliisimulia habari hii takriban miaka 170 baadaye, kwa hiyo hotuba anazowapa wasemaji tuzichukue kama kazi ya kalamu yake. Hata hivyo hoja ya upande wa wanawake ni nzito: mwanamume ana vyeo, ukuhani, nyara na maandamano ya ushindi, ilhali mwanamke hana alama nyingine ya heshima ila mapambo yake.

Mwanamume wa heshima alitarajiwa kuvaa pambo moja tu, nalo ni pete, tena pete yenye kazi ya kupiga mhuri kwenye barua na hati. Kaizari Augustus alianza na mhuri wa sfinksi, akahamia sura ya Aleksanda Mkuu, akaishia na sura yake mwenyewe iliyochongwa na Dioscurides. Zamani pete ya kawaida ilikuwa ya chuma. Ile ya dhahabu ilikuwa ya wajumbe wa dola, kisha ikawa ya maseneta na tabaka la wapanda farasi. Ndiyo maana Mago, nduguye Hannibal, alipopeleka Carthage habari za Cannae, alimwaga mbele ya wazee wa baraza rundo la pete za dhahabu zilizovuliwa kwenye maiti, akawaeleza kwamba huko Roma si kila mtu huvaa pete ya namna hiyo. Mwaka 23 BK, chini ya Kaizari Tiberius, haki hiyo ilifungiwa kwa muungwana ambaye baba na babu yake pia walizaliwa huru, na mwenye mali ya sarafu 400,000 za sestersi.

Palipo na mpaka hapakosi wa kuuchungulia. Katika Satyricon, hadithi ya dhihaka ya Petronius, tajiri Trimalchio, aliyewahi kuwa mtumwa, anakuja mezani na pete kubwa iliyopakwa dhahabu tu, na nyingine ndogo ya dhahabu tupu iliyopachikwa nyota za chuma. Kisha anatoa vikuku vya mkewe, anajigamba kuwa ni ratili sita na nusu za dhahabu, na mwishowe mizani inaletwa ili wageni wahakikishe. Petronius anatia chumvi, lakini kichekesho hiki kisingemchekesha mtu asiyejua pete halali ikoje. Mwishoni mwa karne ya 2, Kaizari Septimius Severus aliwaruhusu hata askari kuvaa pete za dhahabu, na thamani yake kama cheo ikashuka.

Mtoto wa kiume wa waungwana alivaa shingoni bulla, hirizi ya mviringo, ya dhahabu kwa wenye nacho na ya ngozi kwa maskini. Alipovishwa toga ya utu uzima aliivua na kuitoa kwa miungu ya nyumbani. Mchumba wa kike alipewa pete ambayo, hata wakati wa mwandishi Plinius Mzee, desturi ilitaka iwe ya chuma bila kito.

Kwa wanawake, lulu ilishinda vyote. Hereni zilizoning'inizwa lulu mbili au tatu zilipendwa kwa sababu ziligongana na kulia mwenye nazo alipotembea. Mwandishi wa wasifu Suetonius anasema Julius Caesar alimnunulia Servilia, mama wa Brutus, lulu moja kwa sestersi milioni 6. Plinius anasimulia alivyomwona kwa macho yake Lollia Paulina, aliyewahi kuwa mke wa Kaizari Caligula, kwenye karamu ya uchumba isiyo kubwa, amejaa lulu na zumaridi kichwani, masikioni, shingoni na vidoleni, zenye thamani ya sestersi milioni 40, na yuko tayari kuonyesha hati za manunuzi. Mali hiyo ilitoka kwenye nyara za babu yake aliyetawala majimbo, na kwa Plinius hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Lulu hizo ziliingia Roma kwa njia ya Bahari ya Hindi. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK cha kuongoza wafanyabiashara wa baharini, kinazitaja lulu za Ghuba ya Uajemi, na kinaona zile za India ni bora zaidi. Kitabu hicho ndicho pia kinachotaja Rhapta, bandari ya mwisho ya pwani ya Azania, yaani pwani ya Afrika Mashariki, lakini huko bidhaa zilikuwa pembe za ndovu na za vifaru na magamba ya kasa.

Zumaridi zilichimbwa katika jangwa la mashariki mwa Misri. Sonara hakuzichonga sura mpya. Alizitoboa zikiwa na pande zake sita za asili, akaziunganisha kwa vipande vya dhahabu, kama inavyoonekana kwenye picha za wafu za Fayum, Misri. Asiye na uwezo alinunua kioo cha rangi. Plinius anasema vipo vitabu vinavyofundisha kughushi vito, na anakataa kuvitaja. Jijini Roma wauza lulu na wafua dhahabu walikuwa na maduka kwenye Via Sacra, na wengi wao walikuwa watumwa au walioachwa huru.

Mwaka 2000 wachimbaji huko Moregine, nje kidogo ya Pompeii, walikuta mifupa ya mwanamke aliyekufa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK. Mkononi alikuwa na bangili nzito ya dhahabu ya umbo la nyoka, na upande wake wa ndani, unaogusa ngozi, yamechongwa maneno ya Kilatini yasemayo kuwa ni zawadi ya bwana kwa kijakazi wake. Wapo wanaosoma hapo mapenzi, na wapo wanaosoma umilikaji. Kwa maoni ya mwandishi huyu, aliyeagiza maneno hayo hakuona tofauti kubwa kati ya mawili hayo.

Kuanzia karne ya 3 sarafu zilianza kupachikwa kwenye mikufu, na dhahabu ikatobolewa kwa patasi ndogo hadi ikafanana na kitambaa cha lesi. Bangili moja ya aina hiyo, iliyofukuliwa Hoxne, Uingereza, mwaka 1992, inamtakia bibi Juliana aitumie kwa furaha. Mapambo ya wanaume yaliongezeka pia, hasa bizimu kubwa za bega zilizoashiria utumishi wa dola. Ndipo Kaizari Leo I (457–474) alipopiga marufuku lulu, zumaridi na yakuti kwenye hatamu, matandiko ya farasi na mikanda. Mapambo ya wanawake na pete za watu wote aliyaacha nje ya marufuku hiyo.