Postikadi za Babu na Miembe Minne ya Msamvu

Shangazi yangu alipofariki tulikutana nyumbani kwake Msamvu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stendi kuu ya mabasi, kumaliza matanga na kugawana kidogo alichokiacha. Kidogo hicho kilikuwa vitenge, vyombo, cherehani moja, na kiwanja chenyewe. Kuhusu kiwanja hatukutarajia ubishi. Sisi wajukuu tulikua tukiambiwa kwamba Babu alikinunua kwa fedha yake ya jeshi baada ya vita vya Burma. Kwa hiyo kilikuwa mali ya watoto wake, na baada yao ni chetu. Kiwanja cha Msamvu siku hizi si jambo la mzaha. Madalali walianza kupiga simu kabla turubai la msiba halijashushwa.

Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake mkebe wa biskuti wenye kutu. Mkebe huo ulikuwa na postikadi sita.

Zote ziliandikwa na Babu, kwa Kiswahili, kati ya mwaka 1944 na 1945. Hakuna hata moja aliyomwandikia mkewe. Zote zimeelekezwa kwa dada yake, kupitia Misheni ya Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Bibi huyo alihamia Msamvu uzeeni, akakaa na shangazi hadi kufa kwake, na bila shaka mkebe ulikuja naye. Nilimfahamu nikiwa mtoto. Sikupata kujiuliza kwa nini aliamrisha mambo ya nyumba ile kama mwenyewe.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara watu wa kawaida waingie vipi katika historia ya vita vile, ilhali nyaraka zimeandikwa na maofisa. Takwimu zinajulikana: watu wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na katikati ya mwaka uliofuata ikaingia Burma, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba 1944. Ndani yake vilikuwamo vikosi vya King's African Rifles kutoka Tanganyika. Askari walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Heshima, ambalo jina lake linaeleza vya kutosha serikali ilitaka wajisikie vipi.

Postikadi hazisemi lolote kati ya hayo. Muhuri wa posta ya jeshi una namba tu, pasipo jina la mahali. Katika kadi ya kwanza, ya Machi 1944, mkaguzi wa barua amefuta kwa wino mweusi maneno yaliyochapwa chini ya picha. Hakuweza kuifuta picha. Ni hekalu kando ya ziwa, na mtu yeyote mwenye intaneti leo atalitambua: Hekalu la Jino, mjini Kandy. Kadi ya mwisho ina daraja kubwa la chuma, nalo ni la Howrah, Calcutta, lililofunguliwa mwaka 1943. Hivyo ndivyo nilivyomfuatilia Babu, kwa picha ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuzitaja.

Ukimya mwingine ni mzito zaidi. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Kijapani iliizamisha meli Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldivi, ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kadi ya Kandy iliandikwa wiki chache baadaye. Babu anasema ni mzima wa afya, hofu ni kwa dada yake, na anauliza kama mbuzi mwekundu amezaa.

Nilizisoma kadi tatu za kwanza kwa furaha ya mtafiti. Ya nne ilinikalisha chini. Haina picha. Ni ya Novemba 1944, wakati divisheni ilipokuwa ikipigana kuelekea Kalewa, na mwandiko umeinama kana kwamba kadi ilishikwa gotini. Baada ya salamu inasema: "Fedha yangu nimeandikisha uendelee kupokea wewe bomani. Ile miembe minne ya Msamvu, mpe mzee haki yake mbele ya watu. Inunuliwe kwa jina la mama. Nikijaliwa kurudi nitajenga hapo, nitakaa kama mgeni wenu."

Msomaji asiyewajua Waluguru anaweza kuyapita maneno hayo, kwa hiyo nitaeleza. Kwanza, ni miembe iliyonunuliwa, wala si ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi ya Tanganyika ni ya umma chini ya gavana. Mwafrika hakuwa na hati ya kumpa mwenzake. Aliuza kile alichokipanda, na mnunuzi aliipata ardhi kupitia miti. Pili, Uluguru ukoo hufuata upande wa mama. Roland Young na Henry Fosbrooke, katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, wameeleza jinsi ardhi ilivyokuwa ya lukolo, yaani tawi la ukoo chini ya mkuu wake. Mtoto aliweza kulima shamba la baba yake, lakini mwishowe shamba lilirudi kwa ukoo wa baba, maana yake kwa watoto wa dada zake. "Jina la mama" katika kadi ile si mapenzi ya mtoto kwa mzazi. Ni tumbo. Mimi na ndugu zangu, wajukuu wa Babu kwa wanawe, hatumo katika tumbo hilo. Wajukuu wa yule bibi, kwa binti zake, wamo.

Nilijiuliza kwa nini neno kubwa kama hilo liliwekwa kwenye kadi isiyo na bahasha. Mkaguzi wa jeshi aliisoma, karani wa posta aliweza kuisoma, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, katekista ndiye aliyemsomea, huenda mbele ya nusu ya kijiji. Naamini Babu alitaka hivyo hasa. Mtu ambaye angeweza kufa kesho yake alikuwa akijitafutia mashahidi.

Ardhi ya Morogoro ina mazoea ya kutunza mambo ya posta, niseme kando kidogo. Mwaka 1916, Waingereza walipokuwa wakikaribia, Wajerumani walifukia karibu na mji huu stempu zilizochapwa misheni ya Wuga huko Usambara, zikaja kufukuliwa mwaka 1921. Zile zilikuwa na thamani kwa wakusanyaji tu. Hii yetu ina majirani wanaouliza bei ya mita ya mraba.

Jambo jingine limenisumbua kama mwalimu. Kwa miaka mingi nimefundisha habari za mpango wa matuta ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950, na ghasia za Julai 1955 huko Matombo, polisi walipoua mtu kwa risasi na mpango wenyewe ukaachwa. Katika mihadhara yangu wanawake wamekuwa "nguvukazi" iliyochoshwa na kuchimba matuta. Yule bibi alikuwa mmoja wao. Sasa namwona akipokea fedha bomani, akilipa miembe mbele ya mashahidi, akisimamia mali ya ukoo ng'ambo ya mlima. Sidhani kwamba alichukia jembe. Alichukia kuamriwa juu ya ardhi ambayo alijua vizuri ni ya nani.

Kadi ya nne nilikaa nayo kwenye mkoba wiki tatu. Nasema hivyo kwa sababu ninawafundisha vijana kwamba mwanahistoria hafichi waraka unaompinga, na wiki tatu ni muda mrefu. Nilijitafutia hoja. Babu alijenga nyumba kwa mikono yake. Shangazi alilipa kodi ya jengo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamtambua mwenye kumiliki na kutumia kwa muda mrefu, na mwanasheria mmoja aliniambia kwamba mahakamani kadi ile haingefika mbali. Hoja hizo si dhaifu, na kuhusu nyumba bado nazishikilia. Lakini hakuna hata moja inayoifanya hadithi tuliyolelewa nayo kuwa kweli. Babu hakununua kiwanja aliporudi. Kilinunuliwa na dada yake, yeye akiwa vitani, na alirudi mwaka 1946 akajenga kama alivyosema.

Kwenye kikao cha ukoo niliisoma kwa sauti, kama katekista. Kaka yangu mkubwa aliniuliza ni nani aliyenituma. Mjukuu wa bibi, mwanamke anayeuza mboga za Mgeta sokoni, aliomba nirudie sehemu ya mgeni, nikairudia. Akasema kwamba mama yake alikuwa akiwaambia habari za miembe minne, nao wakadhani ni uzee.

Mwembe mmoja bado upo, nyuma ya choo. Kikao kimeahirishwa hadi baada ya mavuno. Kadi anayo yeye. Mimi nimebaki na nakala.